Kidole cha Kwanza cha Asubuhi

Nilistaafu mwezi uliopita, na nyinyi vijana wa maabara mmeniomba niwaachie kitu. Nimewaachia hadubini tatu, kabati lisilofungika na kiti changu, lakini ati hiyo haitoshi, mnataka maneno. Haya. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini. Hayo yako kwenye faili na hayamfundishi mtu kitu. Nitawaeleza habari za chupa moja niliyoitengeneza siku ya Ijumaa, chupa ambayo nusura imfukuze mwanamke kwake na kumvua mtoto wake jina. Nimeibeba kichwani miaka yote hii na sasa naitua.

Nilifika hospitali ile ya Kisumu mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikitoka chuoni na viatu vipya vilivyonibana. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Okumu, mtu mfupi, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka unaweza kujikata nalo. Nilidhani atanipa hadubini. Alinipa kalamu na lebo. Wiki nzima kazi yangu ilikuwa kuandika lebo za chupa: jina la dawa, tarehe, saa, na nani ameitengeneza. Siku ya tano nikamuuliza kama nilisoma miaka mitatu ili niwe karani wa chupa.

"Chupa isiyo na tarehe ni maji machafu," akasema. "Na yenye tarehe ambayo hukuisoma ni mbaya zaidi. Endelea kuandika."

Mzee huyo alikuwa na sheria nyingine iliyonichekesha. Kwenye dawati la rejista tulikuwa na karani anayeitwa Shabani, kijana wa pale mjini, mama yake Mluo na baba yake mtu wa pwani, mcheza mpira hodari. Kila asubuhi kabla ya mgonjwa yeyote, Shabani alileta kidole chake tukakidunga. Sababu ni kwamba damu ya Shabani ilikuwa na selimundu nusu, na ngoja nieleze maana yake, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa nilichoharibu.

Kila mmoja wetu ameandikwa. Maandishi yenyewe ndiyo DNA, yamekunjwa ndani ya karibu kila seli ya mwili, na yana herufi nne tu zinazorudiwa kwa mpangilio mrefu ajabu. Kila agizo tunalo kwa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Sasa agizo la kutengeneza himoglobini, ule wekundu wa damu unaobeba hewa, linaweza kukosewa herufi moja. Moja tu. Ukiwa na nakala moja yenye kosa, ile nzuri inakubeba: unalima, unavua, unacheza mpira kama Shabani, na hata malaria inakuonea haya kidogo. Ndiyo maana kosa hilo limejaa huku kwetu ziwani, kwenye mbu wengi. Lakini ukipata nakala mbili zenye kosa, seli zako zikipungukiwa na hewa hujikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa mpaka mama naye analia.

Kipimo chetu kilikuwa rahisi. Tone la damu kwenye slaidi, tone la dawa ya unga mweupe tulioufupisha jina tukauita meta, kioo chembamba juu, unaziba kingo kwa mafuta ya kujipaka, unangoja nusu saa. Meta inaiondolea damu hewa. Mwenye kosa, hata la nakala moja, utaziona seli zake zikijikunja. Shida ni kwamba dawa hiyo ikishachanganywa na maji inakufa upesi. Lazima itengenezwe kila siku. Na ikifa haibadiliki rangi wala harufu, inakuwa maji tu, na kila mtu unayempima anatoka mzima. Kidole cha Shabani kilikuwa cha kuijaribu dawa. Seli za Shabani zikijikunja, dawa iko hai, fungua dirisha uite wagonjwa.

Kuhusu kurithi, Mzee Okumu alinifundisha kwa mahindi. Mikebe miwili, wa baba na wa mama. Ndani ya kila mkebe punje moja nyeupe na moja nyekundu, nyekundu ndiyo yenye kosa. Funga macho, chukua punje moja huku na moja huku: huyo ndiye mtoto. Nyekundu mbili, mgonjwa. Nilipenda somo hilo nikalipeleka wodi ya watoto, nikawa nawafundisha wazazi kila Alhamisi. Mama mmoja aliniuliza kama, kwa vile wa kwanza ni mgonjwa, sasa watatu wanaofuata watakuwa wazima. Nikamwambia mkebe hauna kumbukumbu, kila mimba unafunga macho upya. Nilijiona mwalimu kwelikweli. Na kila mara nilimaliza kwa maneno yaleyale: mtoto hawezi kuugua kwa punje ya mzazi mmoja, lazima moja itoke kila upande.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini akaletwa mtoto wa miaka miwili kutoka upande wa Muhoroni. Jina lake Ogola. Vidole vimevimba, macho ya manjano, damu imebaki kidogo mno. Baba yake, Odhiambo, alikuwa dereva wa trekta la miwa. Mama yake, Rosa, alikuwa mtu wa Kisian, mwembamba, haongei sana. Walikuwa wamezika watoto wawili kabla ya huyu, na nyumbani watu walisema ni chira, ule ugonjwa wa kukonda unaompata aliyevunja mwiko. Ogola alipewa jina la babu yake, baba yake Odhiambo, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla mtoto hajazaliwa. Kwa hivyo si mtoto tu aliyelala pale. Alikuwa ni mzee amerudi.

Damu ya mtoto haikuhitaji hata meta, seli zilikuwa zimejikunja zenyewe. Daktari akaandika wazazi wote wawili wapimwe. Rosa nilimpima Ijumaa kwa dawa mbichi, akatoka anayo, kama nilivyotarajia. Odhiambo alikuwa kazini, msimu wa miwa, akasema atakuja wiki ijayo. Alikuwa amekaa kwenye somo langu la Alhamisi pamoja na mkewe, tena mstari wa mbele.

Jumatatu na Jumanne ilikuwa Idi. Shabani alichukua likizo mpaka Jumatano. Mzee Okumu alikuwa mkutanoni Nairobi. Nilibaki na foleni ya malaria iliyofika mpaka langoni. Jumanne mchana Odhiambo akatokea dirishani na mafuta ya trekta kwenye mikono. Nikafungua friji, chupa ya meta ilikuwepo, nikaichukua. Lebo ilikuwa imeandikwa Ijumaa, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Macho yangu yaliiona, kichwa changu kilikuwa kwenye foleni. Kidole cha kujaribia hakikuwepo, nikasema potelea mbali, kwa siku moja kuna nini. Nusu saa baadaye seli za Odhiambo zilikuwa mviringo, safi kabisa.

"Daktari," akaniuliza, maana huko dirishani kila mwenye koti jeupe ni daktari, "kwa hivyo mimi sina hiyo kitu?"

"Huna. Uko sawa."

"Na mama yake?"

"Yeye anayo."

Akasimama hapo. Watu wa nyuma wakaanza kunung'unika. "Na wewe ulisema lazima itoke pande zote mbili."

"Ndiyo," nikasema, nikampa karatasi yake, nikaita mwingine. Sikumtazama hata usoni. Mdomo huponza kichwa, wanasema, lakini mimi mdomo wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Alhamisi asubuhi Shabani akarudi, amenawiri kwa pilau, akanyoosha kidole. Kwa uvivu nikaichukua chupa ileile. Nusu saa. Nikaangalia. Mviringo, zote. Nikasogeza slaidi, nikaangalia tena.

"Nimepona?" Shabani akauliza, akicheka.

Sikucheka. Nikaisoma lebo. Ijumaa. Nikapekua rejista kuona nani alipimwa kwa chupa ile baada ya Ijumaa. Alikuwa mmoja tu. Nikakimbia wodini, na nyinyi mnajua mimi si mtu wa kukimbia.

Kitanda kilikuwa tupu. Muuguzi akaniambia bwana alikuja Jumatano, akatia sahihi kumtoa mtoto, hasikii la mtu. "Alisema huyo mtoto si wake, maabara imesema. Jumamosi watu wake wanakaa na wajomba wa mama waliotoka Kisian. Mama arudi kwao na mtoto wake. Na lile jina libaki pale boma."

Nilikaa kwenye kile kitanda. Damu ya mtoto bado ilikuwa chini, alihitaji kurudi wodini, na sasa alikuwa anatupwa barabarani pamoja na mama yake kwa karatasi yenye sahihi yangu.

Mzee Okumu alikuwa amerudi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilitaka anigombeze, ingenisaidia. Akafungua rejista, akanipa kalamu. "Usifute. Piga mstari mmoja, lisomeke kosa lako. Andika pembeni kwa nini." Nikaandika. Mwandiko ule bado uko pale, mkitaka kuuona. Mkubwa mmoja wa utawala akasema tutume barua. Mzee Okumu akamwuliza barua itafika Muhoroni kabla ya Jumamosi kwa miguu ipi. Ijumaa jioni tulikuwa na ruhusa ya mdomo niende mwenyewe, na hadubini ya zamani ya kioo, ile inayotumia mwanga wa jua, ndani ya sanduku lake la mbao.

"Kitu kimoja," mzee akaniambia akinikabidhi sanduku. "Wewe huendi kuokoa mtu. Unaenda kupima. Pengine kweli hana. Ikitoka hana, utasema hana, mbele ya huyo mama."

Hilo ndilo lililonikosesha raha usiku ule kwangu Migosi, kuliko hata kosa lenyewe. Chupa mfu haikuthibitisha kuwa anayo. Haikuthibitisha chochote.

Jumamosi tulifika kwa akina Odhiambo mimi na Shabani, tumetembea katikati ya miwa kutoka barabarani, sanduku nimelikumbatia. Shabani alikuja kwa hiari yake. Alisema kidole chake hakijawahi kwenda safari ya kikazi. Watu walikuwa wameshakaa kwenye viti mbele ya nyumba, wa Muhoroni upande huu, wajomba wa Kisian upande ule. Rosa alikaa peke yake kwenye mkeka karibu na jiko, mtoto mapajani, na begi limefungwa kando yake. Odhiambo aliniona akaangalia chini.

"Huyu ni nani?" akauliza mama mzee aliyekaa kwenye kigoda. Alikuwa mama yake Odhiambo, mjane wa yule Ogola mkubwa. "Tumeita serikali?"

Nikasema mimi ndiye wa maabara.

"Karatasi yako tumesoma. Ilisema vizuri. Kunywa maji upumzike, sisi tumalize."

"Karatasi niliandika mimi, Mama," nikasema, "na haikuwa ya kweli. Dawa ilikuwa imekufa na mimi sikuangalia. Kosa ni langu. Si la kijana wako, si la huyu mama. Naomba nipime tena."

Wazee wakaanza kusema wote pamoja. Mmoja akauliza kama nimelipwa na watu wa Kisian. Mjomba wa Kisian akasimama, akataka kujua nani amelipwa. Nilidhani tutafukuzwa hapo hapo na sanduku letu. Nikamgeukia Rosa nikamwambia kwa sauti ya chini kuwa naweza kufanya hii kazi kando, ndani ya nyumba, si lazima watu waone. Leo sheria zetu za siri ya mgonjwa zingenitaka hivyo, na ni sheria nzuri.

"Hapana," akasema, sauti yake ikasikika kwa wote. "Walinisema mbele ya watu. Pima mbele ya watu. Mimi najua nimelala wapi."

Odhiambo akainuka, akaja mwenyewe, akanipa kidole.

Nilichanganya meta pale pale mezani, unga na maji safi niliyobeba, nikaandika lebo, ndiyo, hata hapo, tarehe na saa. Slaidi tatu. Ya Shabani, tunayejua anayo. Yangu, ambayo tangu chuoni najua sina. Ya Odhiambo. Niliwaeleza watu: ya huyu kijana ikikataa kujikunja, dawa yangu ni mbovu na mniambie niende. Yangu ikijikunja, pia mnifukuze. Mzee mmoja akasema hiyo sasa ni kesi ya haki, ina mashahidi.

Kisha tukangoja. Nyinyi mmezoea kungoja mkinywa chai. Jaribuni kungoja nusu saa mbele ya boma zima, mwanamke na begi lake wakikuangalia. Baada ya dakika kumi na tano Shabani alikuwa ameanza kujikunja, nikasema. Mimi nilikuwa mviringo, nikasema. Odhiambo alikuwa mviringo. Sikusema. Dakika ishirini, Odhiambo bado mviringo. Wingu likapita, kioo cha hadubini kikafa, nikabaki nimeinamia giza huku jasho likinidondoka puani. Nikawaza maneno ya Mzee Okumu. Nikaanza kuyapanga mdomoni: huna, Odhiambo, kweli huna.

Jua likarudi. Pembeni mwa slaidi seli moja ilikuwa imechongoka. Moja si kitu, nikangoja. Halafu tatu. Halafu, ilipotimia nusu saa, kila nilipohamishia macho zilikuwa zimejikunja, ncha huku na ncha huku, kama miundu midogo iliyomwagwa chini.

Nilitaka kupiga kelele. Nilisema tu, "Odhiambo, kuja uone damu yako."

Akainama. Alikaa hapo muda mrefu, jicho moja limefungwa. Nikamsogezea slaidi ya Shabani alinganishe, kisha yangu. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umelowa na hakuupangusa. "Ni nyekundu," akasema. Watu hawakumwelewa, wakadhani anaongea juu ya damu. Mimi nilimwelewa. Alikuwa anaongea juu ya punje ya mahindi.

Mjomba wa Kisian akauliza basi imetoka wapi, kama si chira na si uzinzi. Nikasema imetoka kwa wazazi, na kwa wazazi wa wazazi, hakuna aliyeichagua. Ndipo yule mama mzee akainuka kwenye kigoda. Alikuja polepole akaniwekea mkono mezani, kiganja juu.

"Dunga."

Nusu saa nyingine. Hakuna aliyeondoka. Damu yake ilijikunja mapema kuliko zote. Nilipomwambia, aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa jambo alilolijua.

"Nilizika watoto wanne," akasema. "Wa macho ya manjano kama hivi. Mama mkwe wangu alinirudisha kwetu mara mbili." Kama watoto hao walikufa kwa ugonjwa huu, basi na mzee wake alikuwa na punje nyekundu. Hilo sikuweza kulipima, alikuwa kaburini. Mama mzee akamwangalia Rosa. Tangu Jumatano, Rosa aliniambia baadaye, mama mkwe wake alikuwa hajalitamka jina la mtoto, alikuwa akisema tu hicho chako. "Jina ni ya mzee wangu," akasema. "Hii ingine, ya damu, ni yangu." Akanyoosha mikono. "Ogola, kuja."

Jioni hiyohiyo Ogola alirudishwa wodini, baba yake amembeba, bibi yake ameshika begi.

Hiyo ingetosha kuwa mwisho, lakini mimi sikuwa mtu wa miujiza na ugonjwa ule haukuwa na huruma. Miaka ya tisini tulianzisha kliniki ya selimundu kila Alhamisi. Shabani alipohamishwa, nilibaki bila kidole cha kujaribia dawa. Alhamisi ya kwanza bila yeye, kabla sijafungua dirisha vizuri, mkono wenye mafuta ya trekta ukapitishwa.

"Anza na yangu," Odhiambo akasema. "Dawa ni ya leo?"

"Ya leo."

"Soma lebo nisikie."

Nikamsomea. Hakuwahi kuniambia amenisamehe na sikuwahi kumwuliza. Kila Alhamisi ya kliniki ya Ogola alikuja mapema kuliko wote, na kila mara nilimsomea lebo, hata nilipokuwa mkuu wa maabara na watu wa kunifanyia kazi hiyo. Ogola alifika darasa la sita. Alikuwa mpole, mjanja wa hesabu, na alijua kuelezea mambo ya punje kuliko mimi. Alitutoka mwaka huo, msimu wa mvua, kwa homa iliyoanza Jumapili na kumaliza kazi yake Jumanne. Nilienda mazishi. Jina walilisoma lote, na la babu yake.

Alhamisi ya wiki iliyofuata nilifungua dirisha nikiwa sina moyo wa kazi. Foleni ilikuwa imeshajipanga, akina mama na watoto mgongoni. Mkono ukapita. Nikaujua kabla sijainua macho, nikabaki nimeishika chupa.

"Hawa wengine wanangoja," Odhiambo akasema. "Soma lebo."